Jibu: Bahari ya Aprili, Lamu hadi Kiwayu

Ndugu yangu, umeuliza utajuaje bila simu kama bahari itachafuka ukitoka Lamu kwenda Kiwayu kwa mashua mwezi wa Aprili. Wakati huo kusi, yaani upepo wa msimu utokao kusini, ndiyo inaanza kuingia, kwa hivyo tazama kusini kwanza. Wimbi refu likipasuka mwambani na huku upepo umelala, jua huko nje kunavuma. Wimbi hutangulia upepo wake. Ukiona wingu jeusi, mvua inaning'inia chini yake kama pazia, kisha ghafla ukapigwa na upepo wa baridi, tua tanga hapo hapo. Mwezi kuzungukwa na duara ni wingu jembamba la juu. Mara huleta mvua, mara hapana. Kumbikumbi siwategemei, aghalabu hutoka mvua ikishanyesha! Na nahodha akikataa kung'oa nanga, usimbembeleze.