Kabla ya kuuza shamba ili mtoto asomee urubani

Juma lililopita mama mmoja wa Nakuru aliniandikia swali ambalo wazazi wa huku kwetu huuliza kila matokeo ya KCSE yanapotoka: mwanangu amefanya vizuri Hisabati na Fizikia, anataka kuwa rubani, nimpeleke chuo gani? Alikuwa ameshapata mnunuzi wa kipande cha shamba Njoro, na chuo alichokipenda kilimtaka alipe karo yote kwa mkupuo ili apate punguzo. Nilimwambia asiuze kwanza. Jibu refu ni hili, na naliweka hadharani kwa sababu kuanzia Naivasha hadi Busia kuna familia nyingi zinazopiga hesabu hiyo hiyo.

Wa kwanza kulipwa awe daktari, chuo kitafuata. Leseni ya rubani wa kibiashara, CPL, haitolewi bila cheti cha afya cha Daraja la Kwanza, na vipimo vyake hufanywa na madaktari walioidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Daktari yeyote tu wa hospitali ya kaunti hawezi kukitoa. Hupimwa macho, masikio, moyo na mkojo. Miwani haimzuii mtu: kinachotakiwa ni kwenye ubao wa herufi kila jicho lifike 6/9 na yote mawili kwa pamoja 6/6, hata kama ni kwa kuvaa miwani. Kinachowashtukiza wengine ni rangi. Kijana anaweza kumaliza sekondari bila kujua kwamba macho yake hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfungulia kile kitabu cha vidoto vya rangi vyenye tarakimu ndani yake. Na sisi wa kando ya ziwa, wa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Busia, suala la sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, lijulikane mapema. Kubeba chembe ya urithi ya mzazi mmoja tu kwa kawaida hakumzuii mtu kuruka, lakini ugonjwa wenyewe ni habari nyingine. Gharama ya vipimo vyote hivi haifiki hata sehemu ndogo ya karo. Wapo waliosoma miezi kadhaa ndipo wakapelekwa kwa daktari, na jibu likaja shamba likiwa limeshauzwa. Inauma, na ingeweza kuepukika kwa safari moja ya Nairobi.

Sasa vyuo. Mjini Kisumu, Eldoret au Nakuru utaona mabango yenye picha ya ndege kubwa na maneno ya usafiri wa anga. Vingi vya vyuo hivyo hufundisha uhudumu wa ndani ya ndege, ukataji tiketi, mizigo na shughuli za uwanjani. Ni kazi za heshima, lakini cheti chake hakimpeleki mtu kwenye usukani wa ndege. Hata shahada ya chuo kikuu haimfanyi mtu kuwa rubani. Leseni hutolewa na KCAA kwa aliyefaulu mitihani yao, akatimiza saa za kuruka na kupita jaribio la angani. Kwa hiyo swali la kwanza ofisini liwe hili: naomba kuona cheti chenu cha ATO, yaani idhini ya KCAA ya kufundisha. Usiishie kwenye ukurasa wa mbele uliowekwa fremu ukutani. Cheti hicho huambatana na kurasa zinazotaja kozi zilizoidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa na idhini ya PPL, leseni ya rubani binafsi, na bado kikawa kinasajili wanafunzi wa CPL huku kikingoja idhini. Angalia tarehe ya mwisho wa idhini. Orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa iko kwenye tovuti ya KCAA, basi linganisha.

Hapa ndipo naomba mzazi anisikilize zaidi. Unaponunua mafunzo ya urubani, unanunua saa za ndege. Jina la chuo, sare nyeupe na mabega yenye mistari havihesabiwi na KCAA. Kiwango cha kimataifa cha CPL ni saa 200 za kuruka, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa kwa mpango huo, na PPL ni saa 40, ingawa wengi huvuka 50 kabla hawajawa tayari kwa jaribio. Swali ni moja: saa hizo zitapatikana kwa muda gani?

Piga hesabu mwenyewe. Ndege moja ya mafunzo inayofanya kazi vizuri inaweza kuruka kama saa 5 kwa siku, siku 5 za juma, yaani saa 25. Mwanafunzi anayeendelea vizuri anahitaji kuruka mara tatu kwa juma, jumla saa 4 hivi. Ndege moja basi inatosha wanafunzi sita. Chuo chenye ndege 3 zinazoruka na wanafunzi 60 kitampa kila mmoja saa 1 na robo kwa juma, na kwa mwendo huo saa 200 zitachukua zaidi ya miaka mitatu. Anayepata saa 4 humaliza kwa takriban mwaka mmoja, ongeza miezi ya mvua na mitihani. Na anayeruka mara moja kwa juma hutumia nusu ya kila somo kurudia la juma lililopita, hasa kutua, kwa hiyo hana budi kununua saa za ziada. Tuseme saa moja ni shilingi 22,000: saa 30 za ziada ni shilingi 660,000 ambazo hazimo kwenye ile karatasi ya bei uliyopewa.

Ukiambiwa chuo kina ndege 8, omba kuonyeshwa 8. Tembea hadi kwenye maegesho, hesabu zenye propela, tairi zilizojaa na cheti cha ubora wa kuruka ambacho hakijaisha muda. Ndege isiyo na injini haifundishi mtu. Kisha uliza matengenezo yanafanywa wapi. Ndege ya saa 25 kwa juma hufikia ukaguzi wa saa 50 kila baada ya majuma mawili na ule wa saa 100 kila mwezi. Chuo chenye mafundi wake na vipuri vya kawaida stoo huirudisha ndege angani baada ya siku chache. Chuo kinachopanga foleni kwa karakana ya watu, kisha kikangojea silinda kutoka ng'ambo, kinaweza kuikosa ndege hiyo kwa majuma mengi. Maswali haya waulize pia wanafunzi waliofika saa 80 au 100, nje ya ofisi, bila mkuu wa masomo kuwepo: mwezi uliopita uliruka saa ngapi? Mwombe akuonyeshe logibuku yake, yaani daftari la saa alizoruka. Tarehe za logibuku zina ukweli ambao hakuna brosha inayoweza kuuficha.

Kabla ya kujisajili, lipia somo moja la majaribio, na kijana aende akiwa ameyafungua macho. Mwalimu mzuri huanza chini. Atazunguka ndege yote pamoja naye, atatoa mafuta kidogo kwenye kikombe cha plastiki kutoka kila tangi na kuyainua kwenye mwanga. Avigasi ya 100LL, petroli ya ndege hizi, ni ya buluu, na maji yakiwemo huzama chini kama tone lisilo na rangi. Anayesema "ilishakaguliwa asubuhi" na kupanda moja kwa moja, mwache. Watapima uzito: Cessna 152, ndege ndogo ya viti viwili, hubeba takriban kilo 240 za watu, mizigo na mafuta kwa jumla, na matangi yakijaa zinabaki kama kilo 170 za watu wawili. Mwalimu wa kilo 95 na kijana wa kilo 90 wameshapita kiwango, kwa hiyo lazima mafuta yapunguzwe au watumie Cessna 172 iliyo kubwa zaidi. Chuo kisichokuuliza uzito wako hakijapiga hesabu hiyo.

Mwinuko nao una somo lake. Uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ambako wanafunzi wengi wa kutoka Nyanza, Magharibi na Bonde la Ufa huishia, uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi 25, hewa pale ni nyepesi kana kwamba uko futi 8,000, na injini ya kawaida isiyo na turbo ya kuisukumia hewa hupoteza karibu robo ya nguvu zake. Rubani asiyejua kupunguza petroli kwa mkono wa mikscha, yaani mchanganyiko wa hewa na petroli, huzichafua plagi za injini akiwa bado ardhini. Akijaribu magneto, vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche, kabla ya kuruka, injini inatetemeka na mzunguko unashuka kupita kiasi. Mtazame mwalimu: je, anarekebisha mikscha ndege inapotembea kuelekea njia ya kurukia? Kijana aliyefundishwa Kenya vizuri huja na ujuzi huu tayari. Aliyejifunzia pwani ya Florida hana budi kuupata upya, kwa sababu kuruka kutoka Eldoret, karibu futi 7,000, hakusamehe.

Wilson pia una msongamano. Ndege za mafunzo, za watalii na za abiria hutumia anga moja, na mnamo Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo iligongana angani na Dash 8 ya abiria karibu na hapo. Mwalimu na mwanafunzi wake walifariki. Siandiki hivi kumtisha mtu. Uliza chuo kinafundishaje kuangaza macho angani na kuripoti mahali ulipo redioni, na mazoezi ya kutua na kuruka tena hufanyiwa uwanja gani. Muda wa kungoja zamu kwenye foleni ya Wilson huandikwa kwenye logibuku na kulipiwa, wakati mwanafunzi anajifunza kukanyaga breki tu.

Karatasi ya bei isomwe mstari kwa mstari. Je, saa 200 hizo zina saa 100 ambazo mwanafunzi ndiye rubani kiongozi, au 70 kwa kozi iliyoidhinishwa? Zina saa 20 za safari za mbali, saa 10 za kuruka kwa vyombo, yaani kwa kusoma vipimo vya ndani bila kutazama nje, na 5 za usiku? Simuleta, mashine ya ardhini inayoiga ndege, haiwezi kuhesabiwa zaidi ya saa 10 katika jumla hiyo, hata chuo kikisifu vipi. Safari ndefu inayotakiwa ni ya kilomita 540 na kutua viwanja viwili tofauti. Pembetatu ya Wilson, Kisumu, Eldoret na kurudi Wilson inapita hapo, na inamfundisha mwanafunzi kuvuka milima ya Mau na kuikwepa mvua ya radi ya alasiri kutoka ziwani. Uliza pia kilichoachwa nje: ada za kutua, mitihani ya KCAA, mtahini, ndege ya siku ya jaribio, retingi, yaani idhini ya ziada kwenye leseni, ya injini mbili na ya vyombo. CPL ya injini moja pekee ina milango michache ya kazi, basi bajeti ifike hadi huko, pamoja na kodi ya nyumba mitaa ya South C au Lang'ata.

Na pesa usilipe zote. Lipa saa 10 kwa 10, na salio la kila awamu liandikwe. Chuo kikikataa kabisa, huenda kina tatizo la fedha, na unaombwa wewe ulitatue. Mkataba utaje kwa maandishi: pesa za saa ambazo hazijarukwa zitarudishwa ndani ya siku ngapi, bei ya saa ikipanda kwa sababu ya dola nani atabeba, na ndege zote zikiwa chini kwa mwezi mzima mwanafunzi ana haki gani. Mzazi, usione haya kumpeleka wakili wa mjini kwako asome kurasa hizo. Ulipouza ng'ombe uliandikiana. Hapa unatoa mamilioni.

Kwa wanaofikiria Afrika Kusini au Marekani: ndege ni nyingi na saa hupatikana haraka, lakini leseni ya huko hubadilishwa na KCAA kabla hujaajiriwa hapa, na mamlaka iliyoitoa lazima iithibitishe. Hakikisheni kila ukurasa wa logibuku umetiwa saini na mhuri wa chuo, na ombeni uthibitisho huo kijana akiwa bado huko, maana kuufuatilia kutoka Nakuru kwa barua pepe kunaweza kuchukua miezi.