Jibu kwa mleta mada: karatasi ya vilenzi kwenye taa ya LED na kwenye kamera bapa

Mleta mada ameuliza mambo mawili. La kwanza ni kama kweli karatasi ya plastiki yenye migongo midogo iliyoigwa kwa kimulimuli, ikibandikwa kwenye balbu ya LED, huongeza mwanga kwa asilimia 55 kama muuzaji alivyomwambia. La pili ni kama karatasi ya aina hiyo inaweza kuwekwa juu ya sensa ya kamera (kipande kinachopokea mwanga wa picha) ikampatia, kwa mradi wake wa mwaka wa mwisho, kamera bapa inayopima umbali wa vitu. Nimewahi kutengeneza vilenzi vya namna hii, yaani lenzi ndogo sana, katika maabara ya chuo kikuu kimoja nchini Ujerumani, vingine vya taa na vingine vya kamera, na vyote tulivitoa katika kalibu zinazofanana. Kutokana na kazi hiyo nitasema mapema kwamba taa huvumilia karibu kasoro yoyote ya vilenzi, ilhali kamera haivumilii, na hilo ndilo linalopaswa kuuongoza mradi wake.

Tuanze na taa. Chipu ya bluu iliyomo ndani ya balbu nyingi nyeupe hutengenezwa kwa galiamu nitridi, kitu kinachopinda mwanga kwa nguvu sana: kipimo chake ni takriban 2.4, wakati hewa ni 1. Mwali unaotoka ndani ya chipu kwenda hewani ukiinama zaidi ya nyuzi 25 hivi kutoka mstari wa wima, hautoki kabisa, bali huakisiwa wote kurudi ulikotoka. Ukikokotoa utaona kwamba uso mmoja bapa huachia kati ya asilimia 4 na 5 tu ya mwanga uliozaliwa ndani, na uliosalia huzunguka humo mpaka upate upenyo mwingine au umezwe na kugeuka joto. Kuifunika chipu kwa silikoni yenye kipimo cha 1.5 husaidia, kwa kuwa kiasi kinachotoka kwenye uso huo hufika takriban asilimia 11, lakini bado ni kidogo.

Kimulimuli naye ana shida hiyo hiyo kwa kiwango cha chini, maana gamba lake la kitini, yaani kitu kigumu kinachojenga maganda ya wadudu, lina kipimo cha 1.56. Watafiti wa Ubelgiji na Kanada waliochunguza vimulimuli wa jenasi Photuris kutoka Panama waliona kwamba vigamba vilivyo juu ya sehemu inayowaka havikulala bapa, bali kila kimoja kimeinuka upande mmoja na ukingo wake umelipita gamba linalofuata, kama vigae vya paa. Kingo hizo zenye ukubwa wa mikromita kadhaa (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) ndizo zinazoutoa mwanga mwingi, kuliko vinundu vya nanomita, vidogo zaidi, ambavyo wengi wangevidhania. Mnamo Januari 2013 walichapisha matokeo hayo pamoja na jaribio la kuifunika LED ya galiamu nitridi kwa tabaka lenye umbo kama hilo, na mwanga ukaongezeka kwa hadi asilimia 55. Kwa hiyo namba aliyoitaja muuzaji ipo, hakuitunga.

Kosa liko mahali anapoitumia. Tabaka lile lilikuwa juu ya chipu yenyewe, likigusana nayo, na ulinganisho ulikuwa na chipu ile ile kabla ya kufunikwa. Karatasi inayouzwa hubandikwa kwenye kifuniko cha nje cha balbu, mahali ambapo mwanga umekwisha kutoka kwenye chipu na kupita hewani, hivyo hakuna kilichofungiwa cha kufunguliwa. Kinachobaki ni kuuelekeza mwanga upande fulani au kuupunguza. Zaidi ya hayo, chipu za leo hazina uso bapa. Tangu mwaka 2004, kikundi cha Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kilionyesha kwamba ukiumomonyoa uso wa galiamu nitridi ukajaa vijipembe vidogo, mwanga unaotoka huongezeka mara mbili hadi tatu, na viwanda vilikwisha kuchukua mbinu za aina hiyo. Kwa taa za kawaida, kimulimuli amefika wakati wenyeji wameshakula. Ninaona faida zaidi kwenye paneli za OLED (LED za tabaka jembamba la kaboni), ambazo uso wake ni kioo bapa: mwaka 2002 watafiti Möller na Forrest waliweka safu ya vilenzi juu ya kioo hicho wakapata ongezeko la takriban mara 1.5.

Muuzaji akikuonyesha kipima lux (kifaa cha kupima ukali wa mwanga) kikipanda baada ya kubandika karatasi, usihitimishe haraka. Kifaa hicho hupima mahali kilipo tu, na karatasi inayokusanya mwanga katikati itakipandisha hata kama jumla imeshuka. Njia nafuu ya kujua ukweli ni kuifunga taa kwenye kibao chenye nyuzi, uigeuze nyuzi 10 kila mara huku kipima kikiwa mahali pamoja na chumba kikiwa na giza, uzidishe kila kipimo kwa sine ya pembe yake, kisha ujumlishe. Kwa taa yenye umbo la mviringo ulio sawa pande zote, jumla hizo mbili, kabla na baada, zinatosha kwa ulinganisho.

Sasa nieleze jinsi vilenzi vinavyotengenezwa, kwa sababu hapo ndipo taa na kamera huachana. Unapaka juu ya kioo tabaka jembamba la resini inayoathiriwa na mwanga, unaimulika kupitia kiolezo, unaosha, na zinabaki nguzo fupi zenye vichwa bapa. Kioo kinawekwa kwenye bamba la moto lenye takriban nyuzijoto 150. Ukiangalia kwa hadubini, kingo za nguzo hulainika kwanza, katikati hubonyea kidogo, kisha mvutano wa uso wa kimiminika huvuta kila kitu juu na kuba hujitokeza. Nguzo ikiwa fupi mno kwa upana wake, mbonyeo ule haujazwi na unabaki na lenzi yenye shimo kichwani. Nguzo zikikaribiana mno, kuba mbili hugusana na kuungana. Kuba zikishapoa humwagiwa silikoni ya kimiminika, viputo huondolewa kwenye chombo cha ombwe, halafu inakaushwa ndani ya tanuri na kubanduliwa ikiwa kalibu.

Lenzi yenye shimo kichwani au mbili zilizoungana haziharibu taa. Mwanga bado hukuta uso uliopinda na kutoka, na mara nyingine mpangilio usio sawa ni bora, kwa kuwa mpangilio ulionyooka sana huweza kuleta michirizi ya rangi. Kwenye kamera, kila lenzi hutoa picha yake, na umbali hupatikana kwa kulinganisha picha hizo: kitu kilicho karibu huhama zaidi kutoka picha moja hadi nyingine kuliko kilicho mbali. Wazo hili ni la mwaka 1908, la mwanafizikia Mfaransa Gabriel Lippmann. Silikoni iliyokaushwa kwa joto husinyaa kwa asilimia 1 hadi 2 hivi. Safu yenye upana wa milimita 5 ikisinyaa asilimia 1 tu, lenzi za pembeni zimesogea kwa jumla ya mikromita 50, ambazo kwenye sensa yenye pikseli za mikromita 1.4 ni zaidi ya pikseli 35. Usipopima mahali halisi pa kila lenzi kabla ya kuanza kukokotoa, umbali utakaoupata hautakuwa na maana.

Chukua mfano huu. Lenzi mbili zimeachana milimita 1, na kila moja iko milimita 0.5 kutoka sensa. Kitu kilicho sentimita 10 mbele hutofautiana kwa mikromita 5 kati ya picha hizo mbili, yaani pikseli tatu na nusu hivi, na hapo kuna la kupima. Kikisogezwa mita 1, tofauti inashuka hadi nusu ya mikromita, chini ya nusu ya pikseli. Wembamba wa kamera hii umelipiwa kwa umbali, kwa hiyo inafaa kutazama meno, jeraha au bodi ya elektroniki, wala si chumba kizima. Pia inahitaji kitu chenye alama, kwa kuwa uso mweupe mtupu hauna cha kulinganisha. Simu ya iPhone X ya mwaka 2017 ilikwepa tatizo hili kwa kumwaga usoni nukta zaidi ya 30,000 za mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho.

Mdudu wa kumuiga hapa si inzi. Jicho lake lina vijilenzi vingi, lakini kila kimoja huchangia takriban nukta moja tu ya picha. Xenos peckii, kimelea wa nyigu, ana vijicho 50 hivi katika kila jicho la dume, na kila kijicho kina retina yake ya vipokezi vya mwanga 100 hivi, hivyo kila kimoja kinaona kipande kizima cha picha. Watafiti wa taasisi ya KAIST nchini Korea Kusini walitengeneza kamera nyembamba kwa mfano huo mwaka 2018. Jambo ambalo wanafunzi husahau kuliiga ni kizuizi cha giza kati ya vijicho: bila tabaka jeusi lenye matundu, mwanga wa lenzi moja humwagika kwenye eneo la jirani na picha hugeuka ukungu.

Kama muda wako ni muhula mmoja, fanya taa, kwa kipimo cha pembe nilichokieleza. Ukishikilia kamera, anza na lenzi nne tu, na kabla ya kuchora kiolezo pima unene wa kioo kinachofunika sensa utakayonunua. Mara nyingi hukaribia nusu milimita, na lenzi yenye fokasi (umbali ambapo lenzi hukusanya picha) fupi kuliko nafasi hiyo haiwezi kuifikisha picha kwenye pikseli hata ukiikalisha juu ya kioo chenyewe.