Kinasa sauti kidogo kwa usiku wa taarabu

Ndugu yangu, umeuliza kama kinasa sauti cha mfukoni kinaaminika kurikodi taarabu usiku mzima pale Ngome Kongwe, Zanzibar. Kinaaminika. Kinachoharibu kazi mara nyingi si mashine, ni betri. Zikikata kabla hujabonyeza kitufe cha kusimamisha, faili linaweza kubaki halifunguki. Tia betri mpya kabla ya onyesho, ubadilishe wakati wa mapumziko hata kama bado zina nguvu.

Jambo kubwa zaidi ni kiwango cha sauti. Kanuni, ile ala ya nyuzi, ikipigwa peke yake huwa laini, lakini ngoma na waitikiaji wakiingia sauti hupanda ghafla, na sauti iliyopasuka haitengenezeki tena. Acha vilele vya sauti vifike kama desibeli -12 kwenye kipimo cha kinasa, basi. Ule urekebishaji wa otomatiki wa kiwango cha sauti uzime kabisa, unaua uhai wa muziki. Rikodi kwa WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, ya biti 24, kilohezi 48. Saa moja hula takriban GB 1.

Upepo wa baharini unataka kifuniko cha manyoya juu ya maikrofoni. Na tafadhali, waombe ruhusa wanamuziki kwanza, kazi ni yao.