Mwenyekiti kutosoma mapato na matumizi: usinyamaze mdogo wangu

Pole sana mdogo wangu. Umesema kijijini kwenu huko Kasulu mmechangia pampu ya kisima mara mbili, pampu bado mbovu na mwenyekiti hataki kusoma mapato na matumizi. Mimi ni wa Uvinza, kwetu ilikua hivohivo, mama alikua anatoka saa kumi alfajiri na ndoo kwenda mtoni na kwenye risiti yake ya mchango hakuna hata muhuri, mtu kauza dumu la mawese ndo akatoa hiyo hela, inauma jamani.

Sasa sikiliza, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila baada ya miezi mitatu na mjumbe ni kila mkazi kuanzia miaka 18, sio wazee na wenye maduka tu. Na huo mkutano ndo wenye mamlaka ya juu kijijini, sheria ya serikali za mitaa ya 1982 imeweka hivo. Kwahiyo usiende peke ako kugombana nae watakuita mchochezi, tafuta wenzio hasa kina mama wa kisimani maana wao ndo wanajua nani alilipa na lini, kusanyeni risiti, andikeni barua kwa mtendaji wa kijiji mkutano uitishwe, baki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Akikaa kimya pelekeni kwa mtendaji kata, kisha kwa mkurugenzi wa halmashauri.

Diwani mwambieni pia, ila msimtegemee sana.