Barua kwa mwanangu: Siku ya kisima

Mwanangu Khamis,

Wa alaykum salaam. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho mama'ko yuko pembeni anakuna nazi na kujifanya hasikii. Unauliza: hawa Wachina waliofanya mazoezi na jeshi letu na la Msumbiji kule bara mwaka 2024, na meli yao ya hospitali, hiyo Peace Ark, ikaja Dar kutibu watu bure, walitaka nini?

Walichokitaka wao sikijui. Nakijua nilichokitaka mie siku ya kisima.

Ulikuwa darasa la nne. Wale hawakuwa Wachina, na nchi yao niachie. Walikuja kufunza askari wetu, na katikati ya mafunzo wakatuchimbia kisima hapa kijijini, Micheweni hii ya mawe, Pemba. Hawakuvaa magwanda wala hawakushika bunduki. Sheha, kiongozi wa kijiji, akanitaka nitafsiri kwa kuwa ndimi mwalimu wa Kiingereza. Nikavaa kanzu ya Idi, na Idi haipo.

Mkubwa wao alisema machache: kisima sasa ni chenu, sisi mwezi huu tunaondoka, mipira ya pampu italika, changeni kila mwezi mnunue mingine. Maneno ya mtu mkweli. Nikawatazama watu, wanawake washaanza vigelegele, nikaona haya kuwatilia habari za chango. Nikatafsiri: "Wanasema wako pamoja nasi daima." Vigelegele vikazidi. Yule bwana akatabasamu, kumbe anadhani tumefurahia kuambiwa tuchange!

Mwaka haujageuka, pampu ikagoma. Watu wakasema wageni waongo, wametupiga picha wakenda zao. Mama'ko akarudi kuteka kule bondeni, ndoo kichwani, na mie nikanyamaza. Hili sijamwambia mtu. Mama'ko pia sijamwambia, ingawa nadhani analijua.

Ndiyo maana nawaambieni kila siku, mpaka mnanicheka: msaada uulizie vipuri kwanza. Madaktari wa Kichina wameanza kuja Unguja 1964, na mpaka leo akiondoka mmoja anakuja mwengine. Hiyo hospitali ya mji wa Mkoani, hapa Pemba, waliyoijenga upya, ikafunguliwa 2016, si ndiko alikolazwa bibi yako? Hao vipuri wanavyo. Meli ina vitanda 300, lakini hukaa siku chache ikang'oa nanga. Mtu akipimwa akakutwa na sukari Jumatatu, dawa ya mwezi wa pili atampa nani?

Hapo hapo najijibu mwenyewe. Mwenye mtoto wa jicho utamwambia asipande melini? Mtoto wa jicho hana mwezi wa pili, akitolewa ametolewa. Na ilipozama meli ya abiria Spice Islander, Septemba 2011, wakaja wazamiaji kutoka Afrika Kusini, nani hapa Pemba aliyeuliza wanataka nini? Tulitaka maiti zetu.

Najua utasema, "Baba, jibu swali." Ulimi unaniwasha, wallahi. Nataka kusema bunduki na dawa zisitiwe kapu moja, maana anayeshukuru dawa huona tabu kuulizia bunduki. Wewe muuguzi wa jeshi utanijibu kwamba daktari wa kijeshi ni daktari, na majeruhi haulizi sare. Sawa. Basi hukumu naiacha, si kwa kupenda. Aliyekidanganya kijiji kizima kwa ajili ya vigelegele hana pa kukaa akahukumu.

Mama'ko anakusalimu, anasema kwenye picha umekonda.

Umesema walikupanga kwenye foleni ya wagonjwa. Nambie: daktari alipokuwa akisema, nani aliyekuwa akiwatafsiria wale wazee? Na alikuwa akiyasema yote?

Baba'ko