Matone kwenye dirisha la paa si lazima yawe uvujaji
Je, matone kwenye dirisha la paa yana maana kwamba paa linavuja? La, matone yanayoonekana alfajiri chini ya kioo cha dirisha la paa, ilhali usiku mvua haikunyesha, kwa kawaida si uvujaji bali ni mvuke wa ndani ya nyumba, ambao hupanda pamoja na hewa yenye joto, hugusa kioo kilichopoa na kugeuka maji. Nimeezeka mapaa kwa miaka mingi, na husikitika kila ninapokuta fremu imepakwa silikoni tabaka juu ya tabaka ili kutibu tatizo ambalo halikuwa la paa. Dawa yake ni kuutoa mvuke huo, hasa wa jikoni na bafuni, na kuchagua kioo cha tabaka mbili, kwa kuwa hewa au gesi iliyofungiwa katikati huzuia uso wa ndani usipoe haraka.

Hata hivyo, maji yakichuruzika pembeni mwa fremu, au dari ikifanya madoa baada ya mvua, kagua mabati ya kukinga maji yanayoizunguka fremu. Bati la chini hufungwa kwanza likilalia vigae, ya pembeni hufuata, na la juu hufungwa mwisho likiingia chini ya vigae vilivyo juu yake. Mpangilio huo ukipinduliwa, maji huelekezwa ndani, na hakuna gundi itakayoyazuia kwa muda mrefu. Ukungu ulio katikati ya vioo viwili ni jambo jingine: kizibo cha kingo zake kimeachia, na kioo hicho hubadilishwa.