Mweka hazina haonekani, kiti chake tufanyeje?

SWALI: Kikundi chetu cha kujitolea kusafisha ufukwe hapa Igombe, Mwanza, kina kamati ya watu 9. Mweka hazina amekosa vikao vinne, simu hapokei, na ni mtia saini benki. Tumwondoe?

JIBU: Msianze na kura. Tumeni mtu nyumbani kwake kwanza. Huenda yuko kambi ya uvuvi visiwani Ukerewe, au anauguza. Asipopatikana, mwandikieni barua yenye tarehe za vikao alivyokosa. Mpeni siku 14 ajibu, na mwelezeni kwamba anaweza kujiuzulu kwa heshima. Atakayeipokea asaini kwenye kitabu cha kupelekea barua. Saini hiyo ndiyo kinga yenu akija kudai hakuarifiwa.

Kisha someni katiba yenu. Ikiruhusu kamati kumwondoa, ajenda iandikwe wazi kwenye barua ya wito, si kufichwa kwenye “mengineyo”. Vikundi vingi hukwama hapo, uamuzi ukapingwa. Akidi nayo, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kikaoni: ikiwa ni theluthi mbili, mnahitaji watu 6 kati ya 9, kwa sababu kiti chake bado kinahesabika mpaka kitangazwe kuwa wazi. Katiba ikiwa kimya, pelekeni suala mkutano mkuu.

Benki kwa kawaida itadai muhtasari wa kikao uliosainiwa, pamoja na majina ya watia saini wapya. Hundi alizosaini kabla ya kuondolewa msizitumie kamwe. Vitabu vya stakabadhi na daftari la fedha vikabidhiwe kwa orodha, mbele ya mashahidi wawili.